Miaka 14 ya kuwa kocha wa viungo wa wanamichezo wakubwa: niulizeni

Kengele20 (mleta uzi)

Habari za wakati huu wadau.

Kila baada ya siku chache humu hupita kijana anauliza afanyeje ili awe kocha binafsi wa mastaa. Anajibiwa mistari miwili, "kasome, jitangaze", uzi unazama. Leo nimekaa chini niandike nilichokiona kwa miaka 14. Minne ya mwanzo nilikuwa kwenye jimu ya kawaida, nawahesabia moja mbili tatu watu wanaotaka kupunguza tumbo. Kumi iliyofuata nimekuwa na watu ambao mwili ndio ajira yao: wakimbiaji wa mbio fupi, wachezaji wawili wa tenisi, na wa kandanda kadhaa. Majina sitaji. Mwenye haraka apite, uzi huu ni mrefu.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Kocha wa ufundi anafundisha mchezo. Mimi sijawahi kumfundisha mtu kuanzisha mpira wa tenisi, na siku nikijaribu nitafukuzwa, tena kwa haki. Langu ni bega litakaloupiga ule mpira mara mia leo, na kesho kutwa tena, na goti lisiloleta kesi kwenye seti ya tano. Pembeni yangu kuna daktari, mtaalamu wa fiziotherapia, mtu wa lishe. Mimi ndiye ninayekaa na mchezaji saa nyingi zaidi, kwa hiyo mimi ndiye ninayejua kwamba jana hakulala.

Kazi hii haina umri mkubwa. Zamani makocha wengi waliamini kuwa vyuma vinamfanya mchezaji awe mzito na mkavu kama gogo. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Nebraska kule Marekani kilimwajiri Boyd Epley, kijana aliyekuwa mrukaji wa upondo na akaumia, ili asimamie chumba cha vyuma cha timu yao ya kandanda ya Kimarekani. Inasimuliwa kuwa kocha mkuu alimpa onyo moja tu: mchezaji mmoja akipungua kasi, huna kazi. Sasa hebu fikiria, kazi yetu ilianza na tishio la kufukuzwa, na mpaka leo haijabadilika sana.

Upande wa kocha binafsi, wengi mnamjua Tim Grover. Mwaka 1989 Michael Jordan wa mpira wa kikapu alikuwa amechoka kupigwa viwiko na Detroit Pistons, ambao waliwatoa Bulls, timu yake, mwaka 1988, 1989 na 1990. Grover alikuwa hajawahi kumshika mchezaji yeyote wa kulipwa. Alipewa mwezi mmoja wa majaribio, wakaenda miaka 15. Watu wakisimulia kisa hiki husifia ujasiri wake wa kubisha hodi. Mimi hunivutia kitu kingine: hakumjaza Jordan misuli kwa pupa. Uzito uliongezwa kidogo kidogo, kwa sababu mrusha mpira kikapuni anayeongezeka kilo nyingi kwa mkupuo mmoja hupoteza kipimo cha mkono wake. Halafu angalia mwaka 1995, Jordan alipotoka kucheza besiboli. Mwili ulikuwa na nguvu, lakini nguvu za mchezo mwingine. Bulls wakatolewa mapema, na kiangazi chote kikaisha kwa kuurudisha mwili wa kikapu.

Na kuna mwingine ambaye hamsikii sana, kwa sababu mwenyewe hakupenda kusikika: Pierre Paganini, kocha wa viungo aliyekuwa na Roger Federer wa tenisi kuanzia mwaka 2000 hadi Federer alipostaafu mwaka 2022. Katika mechi zaidi ya 1,500 za mchezaji mmoja mmoja, Federer hakuwahi hata mara moja kujitoa katikati ya mechi kwa maumivu. Hebu irudie hiyo namba. Vikombe 20 vikubwa vinaonekana kabatini, lakini hizo siku ambazo hakuumia zinaonekana wapi? Hiyo ndiyo kazi yetu, wadau. Tunalipwa kwa mambo ambayo hayakutokea.

Ndiyo maana kwangu ufundi wa kwanza wa kocha wa wakubwa ni kujua siku ya kusema leo hapana. Wale wa jimu ya kawaida unawasukuma, maana wamezoea kuacha. Hawa wakubwa wanatoka kitandani wakiwa wamejisukuma wenyewe. Ukiongeza sauti yako juu ya hiyo, unavunja.

Nilijifunza vibaya. Mwaka wangu wa tatu na wakubwa, mchezaji wa kandanda aliniambia msuli wa nyuma ya paja "unavuta kidogo". Ratiba yangu ilisema siku hiyo ni mbio za kasi ya juu. Nilikuwa nimeipenda ratiba yangu, nimeipaka rangi, kila kisanduku na mahali pake. Tukakimbia. Mbio ya nne akasimama akijishika paja, uso umebadilika. Wiki sita nje. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tangu hapo kila asubuhi mchezaji wangu anaruka wima mara tatu kwenye ubao wa kupimia mruko kabla hatujaongea mambo mengine. Kuna mkimbiaji mmoja, wiki mbili kabla ya mashindano makubwa, mruko wake ulishuka kwa sehemu ya kumi ya kawaida yake, siku mbili mfululizo. Nikafuta vyuma vyote vya siku ile. Alinitukana. Akampigia simu wakala wake mbele yangu. Siku ya tatu mruko ukarudi, akaja akafanya kazi kama hakuna kilichotokea, na hatujawahi kulizungumzia tena.

Nitaendelea mkiuliza. Mikono imechoka.

MbioFupi

Mkuu nimekaa siti ya mbele na daftari. Swali la wengi: vyeti. Kuna anayesema bila shahada husogei, mwingine anasema mastaa hawaangalii makaratasi.

Kengele20

Wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwa mlango wake. Klabu, vyuo na mashirikisho yanaangalia makaratasi. Kile cheti kinachojulikana zaidi, CSCS, kinatolewa na NSCA, chama cha makocha wa viungo cha Marekani ambacho huyuhuyu Epley alikianzisha mwaka 1978. Hukipati bila shahada ya chuo, na kuanzia mwaka 2030 shahada yenyewe itatakiwa iwe ya sayansi ya mazoezi kutoka programu iliyoidhinishwa. Uingereza wana chama chao, UKSCA, na utaratibu wao, ambako huandiki tu mtihani, unasimama unafundisha watu wakikutazama.

Mchezaji binafsi hakuulizi cheti. Anauliza: ulimshika nani, na yuko wapi sasa? Mteja wangu wa kwanza mkubwa aliletwa na mtaalamu wa fiziotherapia ambaye kwa miaka miwili nilikuwa nampelekea watu wangu badala ya kujifanya naweza kutibu mgongo. Sikumwomba. Siku moja alikuwa na mchezaji anayemaliza matibabu, akahitaji mtu ambaye hatamharibia kazi yake. Vijana mnakimbilia kurekodi video. Mimi ningewashauri mtafute mtu mmoja wa tiba anayekuamini.

Lakini soma. Bila fiziolojia utakuwa mnakili ratiba za watu. Usain Bolt ana uti wa mgongo uliopinda, na sehemu kubwa ya kazi yake ya jimu ilikuwa kuimarisha mgongo na kiuno ili mwili ubebe kasi ile. Kijana mwenye mgongo ulionyooka akinakili mazoezi yale kwa sababu mwenye nayo alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin, anatibu ugonjwa wa mtu mwingine.

SisadikiKirahisi

Samahani mleta uzi, mimi nitakuwa mchawi wa uzi huu. Hawa wakubwa wamezaliwa hivyo. Jordan alikuwa ameshakuwa mchezaji bora wa ligi kabla hajamjua huyo Grover. Mnapanda basi ambalo injini imeshawashwa, halafu mnapiga picha mkiwa kwenye usukani.

Kengele20

Uchawi wako una ukweli nusu, na hiyo nusu nakupa. Jordan alitwaa tuzo ya mchezaji bora mwaka 1988, Grover akaja mwaka uliofuata. Na wenzangu wengi wanapenda hiyo picha ya usukani, hata mimi ninayo moja ninayoionea aibu.

Ila mwangalie Andre Agassi wa tenisi. Mwaka 1997 alishuka hadi nafasi ya 141 duniani. Kocha wake wa viungo, Gil Reyes, aliyekuwa akifundisha vyuma chuo kikuu kule Las Vegas kabla ya kuwa naye, alikuwa mtu wa kutengeneza mashine zake mwenyewe kwa sababu zile za jimu hakuziona zikifaa mwili wa mcheza tenisi. Mwaka 1999 Agassi akashinda Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, akarudi namba moja, na akacheza mpaka umri wa miaka 36. Je, ni Reyes? Ni Brad Gilbert, kocha wake wa ufundi? Ni Agassi mwenyewe kuamua? Huwezi kuwatenganisha, na kocha yeyote wa viungo anayekuambia "mimi ndiye niliyemfikisha" muogope. Kipaji kinampa mtu kasi. Kama kasi hiyo itakuwepo akiwa na miaka 34, hapo ndipo tunapoongea.

DawaYaGoti

Kaka, mimi niko upande wa tiba, miaka tisa kwenye klabu. Umeandika kwa heshima lakini umeruka jambo moja: makocha binafsi wanaokuja na begi lao na kutuvurugia mpango. Mchezaji anamaliza mazoezi ya timu, jioni anakwenda kwa mtu wake, anafanya vyuma vya kuchosha ambavyo hatukuambiwa. Kesho yake anaumia, lawama kwetu. Hata Tom Brady, nyota wa kandanda ya Kimarekani, na Alex Guerrero, kocha wake binafsi wa mwili, mwaka 2017 timu ilifikia hatua ya kumpunguzia Guerrero ruhusa za kuwa na timu. Na yule alikuwa Brady!

Kengele20

Dada umenishika pabaya, na nastahili. Nilipoanza nilikuwa mmoja wa hao. Nilidhani nikimwambia mtaalamu wa klabu ninachofanya ataninyang'anya mteja.

Siku hizi sianzi kazi na mchezaji mwenye klabu mpaka nipate namba ya mtu wa tiba wa klabu hiyo, na kila Jumapili namtumia nilichofanya, hata kama hajibu. Wengine hawajibu mwaka mzima. Nikitumia naye anakuwa na taarifa, basi. Mchezaji asipotaka nizungumze na klabu yake, simchukui. Nimepoteza wateja wawili kwa msimamo huo, mmoja wao mkubwa sana.

Swali kwako: wachezaji walioumia goti, mnashikilia ile miezi tisa kabla ya kuwarudisha uwanjani?

DawaYaGoti

Ya mshipi wa mbele wa goti, ndiyo, tisa ni ya chini kabisa, na bado lazima apite vipimo vya nguvu na kuruka kwa mguu mmoja. Kila mwezi anaosubiri kabla ya tisa unapunguza sana uwezekano wa kuumia tena. Tatizo ni kwamba mwezi wa sita goti halimuumi. Anatembea vizuri, anakimbia vizuri, kocha mkuu anamwangalia, mashabiki wanauliza. Hapo ndipo anapomtafuta mtu wa pembeni atakayemwambia "uko tayari".

Kengele20

Na mtu wa pembeni yupo siku zote. Asante dada.

Mgeni_wa_Jukwaa

Wakuu, vipi dawa? Tuambiane ukweli. Mastaa wanatumia, na nyinyi ndio mnaobeba.

Kengele20

Nilijua litakuja. Nimeombwa mara mbili kwa miaka kumi, mara moja na mchezaji na mara moja na mtu wa familia ya mchezaji. Wote niliwaacha wiki ileile.

Wapo waliobeba. Greg Anderson, aliyekuwa kocha wa viungo wa Barry Bonds wa besiboli, alikiri kosa la kusambaza steroidi mwaka 2005 katika kesi ya BALCO, maabara iliyosambaza dawa kwa wanamichezo, akahukumiwa miezi mitatu jela. Baadaye akarudi ndani tena kwa kukataa kutoa ushahidi. Watu humkumbuka kwa huo ukimya. Mimi humkumbuka kwa alichokibeba.

Lakini kinachoninyima usingizi ni uzembe, kuliko hata uhalifu. Kisa cha Jannik Sinner wa tenisi mnakikumbuka. Machi 2024 alikutwa na chembe za klostebo, steroidi iliyopigwa marufuku. Maelezo yaliyokubaliwa na jopo huru ni haya: kocha wake wa viungo alikuwa na dawa ya kupuliza kwenye vidonda, iliyonunuliwa duka la dawa kama kawaida, mtaalamu wa fiziotherapia akajikata kidole, akaipuliza, kisha akamkanda Sinner kwa mikono mitupu. Jopo likasema mchezaji hana kosa. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizi michezoni, wakakata rufaa, na Februari 2025 wakakubaliana adhabu ya miezi mitatu, kwa sababu kanuni inasema mchezaji anabeba uzembe wa watu wake. Wale wawili alikuwa ameachana nao tangu 2024. Ingawa, na hili wengi hawalijui, yule kocha wa viungo alimrudisha kazini mwaka uliofuata.

Kwa hiyo begi langu halina dawa hata ya kikohozi. Nikiumwa, najitibia mbali na mchezaji na namwambia daktari wake ninachotumia. Virutubisho simpi mtu, hata kama kopo limeandikwa "salama", mpaka toleo hilohilo liwe limepimwa na daktari ameridhia kwa maandishi. Na mjue kanuni za WADA zinatuhusu sisi moja kwa moja: kocha naye anafungiwa, na tangu 2015 mchezaji anayefanya kazi na kocha aliyefungiwa anaweza kuadhibiwa naye.

MbioFupi

Hapo umefunguka mkuu. Na malipo? Usituambie kiasi, tuambie mtindo wake.

Kengele20

Mitindo ni mitatu. Kuna kwa kipindi, unalipwa mkishaonana, na akisafiri mwezi mzima huna kitu. Kuna mshahara wa mwezi, awepo asiwepo. Na kuna asilimia ya zawadi za mashindano juu ya mshahara, hii iko zaidi tenisi. Hiyo ya tatu inavutia macho, lakini inakufunga mdomo: siku unayotakiwa kusema "usicheze wiki hii", mfuko wako mwenyewe unakuvuta shati. Mimi niliikataa baada ya msimu mmoja.

Kuachishwa kazi hakuna mtindo. Mteja niliyekaa naye miaka minne, niliyekula naye sikukuu, niliachishwa kwa ujumbe wa simu kutoka kwa wakala wake, mistari miwili, nikiwa uwanja wa ndege kumfuata. Hakuna ubaya niliofanya. Walibadilisha kocha wa ufundi na kocha mpya ana watu wake. Nikageuka na mizigo yangu. Mkataba ulisema notisi ya miezi mitatu, wakalipa. Kijana asiye na mkataba angebaki na tiketi tu.

Ndiyo maana usiwe na mteja mmoja hata akiwa mkubwa vipi, isipokuwa mkataba wako una meno. Na safari! Nilikuwa nikisafiri wiki 30 na zaidi kwa mwaka. Nimefanyisha watu mazoezi kwenye ngazi za dharura za hoteli, kwenye maegesho ya magari, mara moja kwenye korido saa nane usiku kwa sababu mwili wake ulikuwa bado kwenye saa za bara lingine. Mtoto wangu wa kwanza alianza kutembea nikimwona kwenye simu.

KijanaWaVyuma

Shikamoo mkuu. Mimi nina miaka 22, ninasimamia vijana wanne wa riadha, bado hawajulikani. Sina ubao wa kupimia mruko wala chochote. Nianze wapi?

Kengele20

Marahaba. Anza na daftari. Nusu saa baada ya mazoezi, muulize kila mmoja ugumu wa siku ile kutoka 1 hadi 10, zidisha kwa dakika mlizofanya. Dakika 60 zenye ugumu wa 7 ni 420. Ni njia ya Carl Foster, ya miaka mingi, na klabu zenye mashine za bei mbaya bado zinaitumia. Jumlisha kwa wiki. Wiki ikiruka ghafla juu ya zile zilizotangulia, jiulize wewe, usiwaulize wao.

Kwa mapaja: piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, mwili umenyooka, jiachie kwenda mbele taratibu mpaka mikono iguse chini. Tafiti zimeonyesha timu zinazolifanya zoezi hili kwa bidii hupunguza majeraha ya msuli wa nyuma ya paja kwa takriban nusu. Halihitaji kifaa. Watu hawalipendi kwa sababu siku mbili za kwanza unashindwa kukaa chooni.

Wakikaribia mashindano, takribani wiki mbili, punguza wingi wa kazi karibu nusu, lakini kasi na uzito viache palepale. Watakuambia wanajisikia wazembe. Waache wajisikie.

KijanaWaVyuma

Mkuu, nimerudi baada ya wiki. Huyu wa mita 400: Jumatatu 6 × 60 = 360. Jumanne 5 × 50 = 250. Jumatano 9 × 80 = 720. Alhamisi 9 × 70 = 630.

Kengele20

Jumatano na Alhamisi zimefuatana. Kwa nini?

KijanaWaVyuma

Alisema anajisikia vizuri, akaomba tuongeze.

Kengele20

Na Ijumaa?

KijanaWaVyuma

Alikuja na viatu vya misumari mkononi. Nilimrudisha nyumbani. Hajanisalimia mpaka leo.

Kengele20

Atakusalimia. Wiki ya pili niletee na saa zake za kulala.